Pen na Ras: Miaka Mitatu Falmouth

Mazungumzo na wahitimu wa kidato cha sita na wazazi wao, Tanga

Asalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu, shikamooni mama zangu. Wadogo zangu, habari za asubuhi.

Nimeitwa hapa nizungumzie kusoma Ulaya. Ulaya ni kubwa, na sehemu yake niliyoishi ni ndogo sana: mji mmoja uitwao Falmouth, katika mkoa wa Cornwall, kule kusini-magharibi kabisa mwa Uingereza ambako nchi inachongoka na kuingia baharini. Nimekaa pale miaka mitatu nikisomea upigaji picha za bahari na viumbe wake. Basi nitazungumzia mji huo, chuo chake na bahari yake. Anayetaka habari za London atanisamehe. London nilipita tu na begi langu.

Tulipokuwa tunasubiri kuingia ukumbini, mama mmoja amenishika mkono akaniuliza: "Mwanangu, katika vyuo vyote vya Uingereza, ndiyo ukaenda chuo kidogo cha pembeni, mjini kwa wavuvi? Si ungebaki hapahapa Deep Sea, kwa wavuvi wetu wa Tanga?" Nimemwambia, mama, nitakujibu mbele ya watu. Swali lake ni zito, na baba yangu aliwahi kuliuliza kwa maneno makali zaidi. Nivumilieni, jibu halikai mwanzoni.

Chuo chenyewe kilianza mwaka 1902 kama shule ya sanaa ya mjini. Kimepitia majina na hadhi mbalimbali, mwaka 2008 kikaungana na chuo cha sanaa cha Dartington kutoka mkoa jirani wa Devon, na mwaka 2012 ndipo kikatambuliwa kuwa chuo kikuu kamili. Kina kampasi mbili. Moja ipo Falmouth penyewe, kwenye kilima chenye bustani ambamo miti ya nchi za joto inaota, maana baridi ya Cornwall si kali kama ya mikoa mingine. Nyingine ipo Penryn, mji wa jirani, vituo viwili vitatu kwa treni, na hiyo tuliitumia pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Exeter. Maktaba moja, kantini moja. Kwa hiyo unaweza kukuta meza moja ina mtu anayechora vibonzo, mtu anayesomea mabadiliko ya tabianchi, na mtu wa chuo cha madini cha Camborne, ambacho historia yake inaanzia 1888 na sasa ni sehemu ya Exeter. Cornwall walichimba bati na shaba kwa karne nyingi, na migodi ilipofungwa wachimbaji wao wakatawanyika duniani, Mexico, Australia, Afrika Kusini. Kijana mmoja wa madini aliposikia natoka Tanzania, aliniuliza habari za Geita na Merelani hadi chai yetu ikapoa.

Darasani kwetu tulikuwa ishirini na kitu. Hilo lishikeni, nitalirudia. Wahadhiri walinijua kwa jina wiki ya pili, na wiki ya tatu walishajua kwamba picha zangu zote nazipiga nikiwa nimesimama mbali.

Jambo la kwanza nililolifanya nilipofika lilikuwa kwenda kuangalia maji. Nilifika Septemba. Treni kutoka London inatembea zaidi ya saa nne hadi Truro, na karibu na Plymouth inapita juu ya daraja la chuma la mhandisi Brunel, lililofunguliwa mwaka 1859. Ukishalivuka hilo, uko Cornwall. Truro unabadilisha, unapanda kitreni kidogo cha kwenda Falmouth. Niliacha mizigo chumbani nikashuka pwani ya Gyllyngvase nikiwa bado na nguo za safari. Maji yalikuwa yamekupwa. Mwamba upo wazi, majani ya bahari yamelala, harufu ni ileile ya asubuhi ya Mwambani, pwani ya kwetu hapa Tanga. Nilisimama pale nikahesabu siku za mwezi kichwani, nikajua ni bamvua, zile siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Hakuna aliyenifundisha Uingereza kuhesabu hivyo. Nilifundishwa na bibi yangu aliyekuwa akienda pwani kuokota chaza na kutafuta pweza.

Na kumbe hesabu ya bibi inafanya kazi kule! Bahari yao hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama yetu. Siku za bamvua maji yanashuka na kupanda mita tano hivi, zaidi kidogo ya hapa. Mwezi ukiwa mpevu au mchanga, kupwa kubwa Falmouth huangukia karibu na adhuhuri. Hapa Tanga ni saa nne, saa tano asubuhi. Wenzangu darasani waliangalia jedwali la kujaa na kupwa kwa maji kwenye simu. Na mimi nililiangalia, kwa sababu ukizamia na kamera huwezi kukisia. Lakini mhadhiri aliponiuliza mbele ya darasa nimejuaje kwamba Ijumaa ile kutakuwa na maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, kabla hatujafungua jedwali, nikamweleza habari za bibi na mwezi, akaniomba nirudie ili wenzangu waandike. Wadogo zangu, nilikuwa nimekaa kidato cha tano na cha sita bila kujua kwamba alichonifundisha bibi ni elimu inayoweza kuandikwa kwenye daftari.

Hapa kuna jambo la lugha ambalo ni lazima niwaambie. Cornwall wana lugha yao, Kernewek, ambayo haifanani kabisa na Kiingereza. Ni ndugu wa lugha ya Wales na ya Brittany kule Ufaransa. Majina mengi ya miji yao yametoka kwenye lugha hiyo. *Porth* ni bandari au ghuba. *Tre* ni boma, kijiji. Na *pen* ni kichwa, yaani ile ncha ya nchi inayoingia baharini. Penryn, Penzance, na ile ngome ya Pendennis aliyoijenga Mfalme Henry wa Nane miaka ya 1540 kulinda mlango wa bandari. Siku niliyoelezwa maana ya *pen*, nilicheka peke yangu barabarani kwa furaha. Sisi tunasema nini hapa? Ras. Raskazone, ile ncha ya mji wetu. Na ras ni kichwa! Mabaharia wa Kiarabu na mabaharia wa Cornwall, watu wasiojuana, wameitazama nchi kutokea chomboni, wakaona kichwa.

Lugha hiyo ilikufa, au ilikaribia sana kufa. Mwanamke mmoja muuza samaki wa kijiji cha Mousehole, Dolly Pentreath, aliyefariki mwaka 1777, ndiye anayekumbukwa kuwa miongoni mwa watu wa mwisho walioizungumza tangu utotoni. Wamemjengea jiwe la kumbukumbu kwenye ukuta wa uwanja wa kanisa. Mwaka 1904 msomi mmoja, Henry Jenner, akatoa kitabu cha kuifundisha upya, na kuanzia hapo watu wakaanza kuifufua neno kwa neno. Serikali ya Uingereza iliitambua rasmi mwaka 2002. Sasa vibao vya barabara vina lugha mbili, na vipo vikundi vya watu wazima wanaokutana jioni kujifunza. Nilihudhuria kimojawapo majira yote ya baridi. Nilijifunza kusema *dydh da*, siku njema, na *meur ras*, ahsante sana. Mzee mmoja wa miaka sabini na kitu alikuwa anajifunza lugha ya mababu zake kutoka kwenye kitabu, ananyanyua kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nilitoka pale usiku nikampigia mama simu nikamwomba anirekodie bibi akizungumza. Bibi anasema Kimtang'ata, Kiswahili cha kwetu chenyewe, chenye maneno ambayo mimi sina. Nilikuwa nimeyasikia utoto wangu wote na sikuwahi kuyaweka popote. Ninazo sasa saa kumi na moja za sauti yake. Nilizipata kwa sababu ya Dolly Pentreath, muuza samaki.

Sasa nizungumzie giza, kwa sababu wanaokuja na vipeperushi vya vyuo hawalizungumzii. Mwezi Desemba, jua la Falmouth linazama saa kumi na dakika ishirini hivi alasiri. Unaingia darasani baada ya chakula cha mchana, ukitoka ni usiku. Mvua ya Cornwall hainyeshi ikaisha kama masika yetu. Inakuja kwa pembeni, na upepo, wiki nzima. Mwaka wa kwanza, kuanzia katikati ya Novemba, sikutaka kuamka. Nilidhani ni uvivu. Nikajilaumu, nikajifungia. Rafiki yangu mmoja wa darasani, msichana wa Wales, alikuja kugonga mlango siku tatu mfululizo, siku ya tatu akanipeleka kwa mshauri wa wanafunzi, na hapo nikaambiwa kwamba hali hiyo inajulikana, ina jina la kitabibu, inawapata hata wenyeji, na ina namna ya kuikabili: kutoka nje saa za mwanga hata kama ni dakika ishirini, kula vizuri, kuzungumza na watu. Hapa ndipo ninaporudia lile neno nililowaambia mlishike. Darasa la watu ishirini na kitu, kiti kikiwa kitupu kinaonekana. Nina binamu aliyesoma kwenye jiji kubwa, alikaa ndani wiki tano na hakuna aliyeuliza.

Na mjiandae kwa upweke wa aina nyingine. Kwa sensa ya 2021, katika kila watu 100 wa Cornwall, zaidi ya 96 ni weupe. Utaangaliwa. Wengi wanakuangalia kwa udadisi tu, na wazee wa kule wakishakuzoea wanakuita "my lover," ambalo wao wanalitumia kama sisi tunavyosema "mwanangu", msishtuke. Lakini wapo walionigusa kichwa bila kuniomba, na usiku mmoja kwenye kituo cha basi kijana mlevi alinitupia maneno ambayo sitayarudia mbele ya wazee. Yaliniuma, na bado yananiuma nikiyakumbuka. Waislamu wenzangu, msikiti hauko mtaa wa pili. Kipo kituo cha Waislamu wa Cornwall karibu na Truro, na Ijumaa tulikuwa tunachangiana gari. Ramadhani ikiangukia kiangazi, jua linazama saa tatu na nusu usiku, hesabuni wenyewe. Pasti, chakula chao maarufu, ambacho ni kama sambusa kubwa ya kuokwa, ina nyama. Mimi nilikula ya jibini na vitunguu.

Nyumba ndiyo iliyonitesa kuliko yote. Mwaka wa kwanza chuo kinakupa hosteli, mwaka wa pili unajitafutia. Falmouth ni mji wa watu kama 24,000, wanafunzi ni wengi, na kiangazi watalii wanafurika. Mwenye nyumba anapiga hesabu: mwanafunzi kwa mwaka, au mtalii kwa wiki? Wakala mmoja alinitaka nilete mdhamini anayeishi Uingereza mwenye kipato, au nilipe kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mdhamini nitamtoa wapi mimi, mtoto wa Chumbageni? Nilikaa wiki tatu kwenye sofa la wenzangu. Baba yangu mdogo aliyeko Maskati, ambaye ndiye aliyekuwa akilipa nusu ya gharama zangu, akakopa ili nipate chumba. Nawaambia hili ili mwulize habari za nyumba ya mwaka wa pili kabla hamjapanda ndege.

Lakini ukilala kwenye sofa la watu wiki tatu unasikia mengi. Nilisikia kwamba nami nilikuwa sehemu ya shida ya wenyeji. Mvuvi ambaye babu yake alikuwa na nyumba mbele ya bahari, yeye sasa anaishi kilomita ishirini ndani, kwa sababu nyumba za mbele ya bahari zimenunuliwa na watu wa mijini wanaokuja wiki tatu kwa mwaka. Ukipita baadhi ya vijiji Januari, mtaa mzima hauna taa hata moja. Mji wa St Ives ulipiga kura mwaka 2016, na wananchi zaidi ya wanane katika kila kumi wakasema nyumba mpya zinazojengwa ziwe za watu wanaoishi pale mwaka mzima. Tangu Aprili 2025 halmashauri ya Cornwall inatoza kodi mara mbili kwa nyumba ambazo si makazi ya kudumu. Nilikuwa nasikiliza hayo nikiwaza Shela kule Lamu, nikiwaza Nungwi na Paje kule Unguja, nikiwaza viwanja vya hapa kwetu kuelekea Pangani vinavyouzwa sasa hivi tukiwa tumekaa humu. Wenzetu wameshaona mwisho wa njia hiyo, wanajaribu kurudi nyuma kwa kura na kodi. Vijana mnaotaka kusomea mipango miji, kuna kazi hapo.

Nimesema upweke. Nataka niwaambie ni nani aliyeniondolea, maana alikuwa ameshakufa karibu miaka 190.

Mwaka wa pili nilikwenda Truro, makaburini Kenwyn, kwa sababu mhadhiri alinitajia jina: Joseph Emidy. Huyu alizaliwa Afrika Magharibi, pande za Guinea, akatekwa na Wareno akiwa mtoto, akauzwa Brazili, kisha akapelekwa Lisbon. Kule akajifunza fidla hadi akawa anapiga kwenye okestra ya opera. Mwaka 1795 nahodha wa meli ya kivita ya Kiingereza, Edward Pellew, akamsikia, akataka mpiga fidla wa kuchezesha mabaharia wake. Akatuma watu wakamteka usiku alipotoka kazini, na fidla yake mkononi. Alitekwa mara ya pili katika maisha yake! Miaka minne walimweka melini, akipiga ngoma za mabaharia, hawamruhusu kushuka asije akatoroka. Mwaka 1799 wakamshusha. Wapi? Falmouth.

Hakuwa na mtu. Hakuwa na lugha. Akaanza kufundisha watoto wa mji muziki: fidla, chelo, klarineti. Akaongoza okestra ya mji, akatunga muziki wa tamasha. Mwaka 1802 akamwoa binti wa pale, wakapata watoto. Mwanafunzi wake mmoja alipeleka tungo zake London. Wanamuziki wakubwa wakazipiga na kuzisifu, kisha wakashauri asiitwe yeye mwenyewe, kwa sababu ya rangi yake. Wakamchangia fedha, wakamtumia. Akabaki Cornwall, akahamia Truro, akafa mwaka 1835. Katika muziki alioutunga hakuna hata karatasi moja inayojulikana kubaki.

Nilikaa karibu na kaburi lake jioni ile hadi baridi ikanifukuza. Nilikuwa nimejiona wa kwanza, mgeni wa ajabu, mtu anayetembea mahali ambapo mfano wake haujawahi kutembea. Na kumbe mitaa ileile ninayopita na kamera begani, Mwafrika mwenye fidla ameipita miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, anakwenda kufundisha. Mimi nilikwenda kwa hiari yangu, na baba mdogo analipa. Yeye alibebwa. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kuomba radhi kwa kuwepo pale.

Kingine kilichonishika ni waya. Panda treni hadi Penzance, kisha basi, utafika ghuba ndogo iitwayo Porthcurno, mchanga mweupe, maji ya samawati kama ya kwetu. Mwaka 1870 uliletwa hapo waya wa simu ya maandishi, yaani telegrafu, uliopita chini ya bahari, ulioiunganisha Uingereza na India. Mwaka 1879 ukavutwa waya mwingine kutoka Aden hadi Zanzibar, zama za Sultani Barghash, na kuendelea kusini hadi Durban. Kwa hiyo habari ya Unguja iliyokuwa ikichukua wiki nyingi melini, sasa ilipita Aden, Suez, Malta, Gibraltar, Lisbon, ikatokea kwenye kibanda pale ufukweni Cornwall, siku hiyohiyo. Sasa hivi ni makumbusho. Nilisimama mbele ya ncha za nyaya kuukuu zinazochomoza mchangani, nikampigia mama simu ya video nimwonyeshe. Bei za karafuu, amri za wakoloni, habari za vita, nyingi zimepita kwenye mikono ya vijana wa miaka yenu waliokuwa wakifundishwa kazi pale. Historia yetu tunaisoma kama vile imetokea huku tu. Ncha ya pili ya waya ipo mahali, na mahali hapo pana jina.

Nirudi kwa mama na swali lake. Mradi wangu wa mwisho ulikuwa wavuvi wa chaza wa mto Fal. Chaza wa Falmouth wanavuliwa kuanzia Oktoba hadi Machi, na sheria za uvuvi ule zinakataza kutumia injini. Ni tanga na kasia tu. Karne hii tuliyo nayo, Uingereza, watu wanatweka tanga wanakokota wavu wao kwa upepo! Sababu yake ni rahisi: tanga halina pupa. Upepo ukikosekana, chaza wanapumzika. Ndiyo maana bado wapo.

Nilikwenda gatini siku ya kwanza na lenzi ndefu, nikapiga picha kwa mbali. Mhadhiri akazitazama, akaziweka mezani, akaniuliza: "Huyu anaitwa nani?" Sikujua. "Na huyu?" Sikujua. Akanirudishia zote.

Wiki iliyofuata nilikwenda bila kamera. Nikaamkia, nikauliza kama wanahitaji mtu wa kuchambua. Mzee mmoja akanitazama mikono, akaniuliza nimewahi kushika chaza. Nikamwambia bibi yangu alikuwa akiwaokota mwambani, na babu yangu alikuwa na ngalawa. Akaniuliza ngalawa ni nini. Nikamchorea kwenye kipande cha boksi: mrengu huku, mrengu huku, tanga la pembe tatu. Alikitazama kile kipande kwa muda, akakiweka mfukoni. Nilichambua chaza wiki sita, wadogo tunawarudisha majini, vidole vimekufa ganzi, ndipo nilipoomba ruhusa ya kupiga picha. Aliyenifundisha kufunga fundo lao alifurahi nilipomfundisha letu.

Siku nilipozitundika ukutani picha za mwisho, yule mzee alikuja na nguo zake za kanisani. Akapita picha moja moja, akitaja majina ya vyombo na ya watu. Alipofika mwisho akaniuliza: "Na za babu yako ziko wapi?"

Mama yangu uliyeniuliza, hilo ndilo jibu. Sikuwa nazo. Nilikuwa na picha mia nne za wavuvi wa Cornwall na sikuwa na hata moja ya babu yangu akiwa kwenye ngalawa yake, na babu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Ilibidi niende mji wa wavuvi wa watu, niulizwe na mzee wa watu, ndipo nirudi. London nisingeulizwa swali lile.

Nimalizie na karatasi, maana wazazi wanazisubiri. Viza ya mwanafunzi inataka kipimo cha kifua kikuu kwenye kliniki waliyoiidhinisha wao; hospitali nyingine hawaipokei. Inataka ionekane benki fedha ya kujikimu, kwa vyuo vya nje ya London ni zaidi ya pauni 1,100 kwa kila mwezi hadi miezi tisa, na ikae siku 28 mfululizo bila kupungua. Shangazi akikuazima usimrudishie siku ya ishirini. Ipo ada ya matibabu, pauni 776 kwa mwaka, unalipa kabla hujaondoka, kisha ukiumwa unatibiwa kama mwenyeji. Wakati wa masomo unaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki na si zaidi. Na katika mji mdogo wa pwani kazi zipo kiangazi, mikahawani na hotelini, Januari hazipo. Msipange bajeti mkitegemea kazi ya Januari. Mke au mume humchukui kwa digrii ya kwanza. Sheria hizi hubadilika, kwa hiyo someni wenyewe kwenye tovuti ya serikali yao kabla ya kumlipa wakala hata shilingi moja.

Picha nilizoleta zimetundikwa ukuta wa nyuma, kushoto ni Falmouth, kulia ni Deep Sea na Mwambani, nilizoanza kuzipiga mwaka jana niliporudi. Upande wa kulia bado una nafasi nyingi. Jana ilikuwa mwezi mpevu, kwa hiyo kesho bado ni bamvua, na maji yatakuwa yamekupwa kabisa kwenye saa tano asubuhi. Nitakuwa gatini Deep Sea kuanzia saa mbili, na kamera tatu za kuazimana. Atakayekuja aje na viatu vya kukanyagia mwambani, na kabla hajaniomba kamera aniletee majina ya wavuvi watatu, aliowaamkia mwenyewe.